Neno la Siri la Mama Theodora

Haya Peniel aliyasimulia mwenyewe kwa mama yangu mdogo pale Mungaa, enzi hizo akiwa bado anaongea na watu.

Ilikuwa msimu wa alizeti, miaka ile maghala ya ushirika yalipouzwa kwa watu binafsi. Peniel, fundi wa kompyuta kutoka Singida mjini, aliitwa kwenye kiwanda cha kukamua mafuta huko Issuna. Programu ya kusimamia kumbukumbu za wakulima ilikuwa na ugonjwa mmoja: ukiiambia ihifadhi neno la siri, kesho yake inakuuliza tena kana kwamba hamjawahi kuonana.

Neno hilo alilijua Mama Theodora peke yake, karani tangu enzi za ushirika. Kila asubuhi alifunika mikono yake kwa khanga, akaliandika, akatazama dirishani kidogo, kisha akaweka kiganja mezani na kusema kwa sauti ya chini, "Rudi." Wenzake walimcheka. Bosi Antipasi yeye alikuwa amechoka kumsubiri bibi kizee ndipo kazi ianze.

"Shikamoo, mama," alisema Peniel. "Liandike mara ya mwisho. Mashine italikumbuka."

"Marahaba. Na lile la pili atalisema nani?"

"La pili halihitajiki, mama."

Aliliandika kwa sababu Antipasi alikuwa amesimama mlangoni. Peniel akaweka alama kwenye kisanduku cha kuhifadhi, akalitafuta faili la mipangilio lililokuwa limefungwa lisiandikwe, akalifungua. Programu ikaingia yenyewe, na Mama Theodora akawahi kunong'ona, "Rudi." Kwa furaha akalinakili lile faili kwenye disketi, na jioni akaliweka kwenye kompyuta ya ofisi ya mjini alikofanya kazi Dina, mkewe, yenye programu ile ile, ili naye asiulizwe neno lake kila asubuhi. Alimpenda mno Dina. Alikuwa na jina la kumwitia wakiwa wawili tu, ambalo hata mama mzazi wa Dina hakulijua.

Mama Theodora alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, Ijumaa.

Jumatatu Peniel alirudi Issuna kukabidhi kazi. Jenereta ilikuwa inakohoa. Kila ilipokohoa, mawasiliano na mashine kuu ya chumba cha pili yalikatika, na programu ikajiunganisha yenyewe, ikapeleka neno. Yakakatika. Ikapeleka tena. Huko nje akasikia gunia likipasuka. Halafu kikapasuka kitu kingine, na hicho hakikuwa gunia.

Akachungulia dirishani.

Mzee mmoja, uchi, manyoya ya simba mgongoni, alikuwa amemkalia Antipasi kifuani. Mkono wa Antipasi ulikuwa umeng'olewa begani, vidole bado vinachezacheza kwenye mbegu za alizeti. Kucha zikazama shingoni. Damu ikaruka mpaka kwenye mizani.

Programu ikajiunganisha. Mzee akainua kichwa, kama mtu aliyesikia anaitwa. Akatazama dirisha.

Peniel akaondoa alama kwenye kisanduku. Ikarudi. Akaiondoa. Ikarudi. Mlango ukapigwa. Mbao zikapasuka. Kucha zikapenya. Akanyakua nyundo, akaiponda kompyuta mpaka ikatoa moshi.

Kucha zikalegea, zikatoka mlangoni taratibu.

Peniel alikimbilia kwa Mama Theodora, akamkuta amekaa nje ya nyumba yake, analia.

"Ni kaka yangu Emilian," alinong'ona. "Watu wa simba, wale wachawi wanaogeuza watu kuwa simba wa kuua, walimchukua tukiwa watoto. Anakuja kwa jina nililompa mimi, tukichunga mbuzi. Yule aliyeleta kompyuta alisema niandike neno ambalo hajawahi kulijua mtu. Sikuwa na lingine. Nikaona heri, kila asubuhi namwona ndugu yangu dirishani, namrudisha. Mashine yako inaita tu, mwanangu."

"Asiporudishwa?"

"Anaua. Kisha anachukua mtu wa kwenda naye."

Ndipo Peniel alipoikumbuka ile disketi. Alikimbia hadi kwenye simu ya kiwandani, akairuka maiti ya bosi wake, akapiga mjini.

"Dina, usiwashe kompyuta."

"Nimeshawasha. Leo haijaniuliza neno, mume wangu. Asante." Kisha, kwa mnong'ono, "Kuna mzee hapa dirishani."

Kioo kikavunjika. Peniel alisikia yote, kwa sababu simu haikukatika.

Ofisini alikuta damu imefika kwenye dari. Alikuta kiatu kimoja na msuko wa nywele ukiwa bado na ngozi ya kichwa. Mwili haukuonekana. Kibodi ilikuwa safi, isipokuwa herufi chache zilizobonyezwa kwa kidole chenye damu. Akazipanga kichwani. Lilikuwa lile jina la wao wawili.

Kibodi iko kwake Mungaa, alikohamia baadaye, haijaunganishwa na chochote. Kila asubuhi majirani humsikia akiigonga polepole, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Rudi." Anayefagia uwanja hukuta chini ya dirisha nyayo ndogo za mwanamke, zenye kucha.

Siku hizi kile kitambo cha kunyamaza kinazidi kuwa kirefu.