Zamu ya Saa Saba Mchana

Mektilda alichelewa nusu saa, lakini maombi hayakuwa yamekatika.

Alisimama nje ya ghala kuukuu la pamba, lile ambalo ushirika uliliacha wanunuzi binafsi walipoingia Kasoli, kanisa likalikodi. Jua la saa saba lilikuwa utosini. Ndani, sauti ya mwanamke ilikuwa ikiliombea taifa kwa kunong'ona. Mungu ana watu wake, akajisemea, akarudi jikoni kwake. Ila pale mlangoni palinuka udongo mbichi, na mvua haikuwa imenyesha tangu Mei.

Saa ile haikuwa na mtu, na aliyejua ni yeye. Mchungaji Constantine, mgeni kutoka Mwanza, alitaka mnyororo wa maombi wa siku saba, usiku na mchana, kabla ya uchaguzi wa vyama vingi: watu ishirini na wanne, kila mmoja na saa yake. Mwombaji hupiga magoti akiwa amefumba macho, na hageuki wala hainuki mpaka anayefuata amwekee mkono begani na kusema, "Nimepokea." Mektilda, katibu, alipata watu ishirini na watatu. Usiku wa manane waliugombania, maana una sifa. Saa saba mchana, kwenye jua na masufuria, kila mmoja aliikwepa. Yeye alishapewa alfajiri, na kushika mbili kulikatazwa. Akaona haya kupeleka orodha yenye pengo. Akaandika jina la wifi yake Specioza, mtu asiyekataa zamu maishani mwake, akikusudia kuishika mwenyewe kimyakimya.

Specioza walimzika mwezi wa nne.

Jumapili mchungaji aliyasoma majina yote kwa sauti. Wenyeji wakainamisha vichwa. Nani amkatize mtumishi wa Mungu?

Sasa, jioni ya siku ile ya kwanza, binti wa Mektilda, Veronica, mwenye zamu ya saa nane, alikula kwa mkono wa kushoto.

"Mkono una nini?"

"Umekufa ganzi, mayu. Tangu nimpokee yule mama. Nilitoka juani, uso wake sikuuona." Akashusha sauti. "Bega lake la baridi. Akanishika vidole, akaniuliza, 'Kesho utawahi?'"

Kesho yake Mektilda aliwahi, akakutana na mzee Elia wa saa sita akitoka. "Nimeshapokelewa," Elia akasema, akenda zake. Mektilda akachungulia, na kule ndani mnong'ono ulikuwa ukiendelea, ukilitaja taifa, ukiwataja viongozi, ukiyataja mazao na mifugo, na juu ya mkeka hapakuwa na mtu, ila mkeka wenyewe ulikuwa umebonyea mahali pawili, pa magoti mawili, na mabonyeo yale yakawa yanasogea, polepole, yakigeukia mlangoni aliposimama yeye.

Alikimbia mpaka kwa baba mkwe wake, mzee Mayige.

"Mayu, mama yangu," mzee alisema kwa kunong'ona, "marehemu wetu tunamwita kwa chakula, na akishakula tunamwambia rudi. Wewe umemwita kazini, mbele za watu, bila ruhusa ya kuondoka. Wala sijui kama ni Specioza. Jina likiitwa na mwenyewe hayupo, wapo waokotaji."

"Nifanyeje, baba?"

"Mlishe, umuage. Halafu mwambie mchungaji ukweli, jina likatwe. Ukifanya moja ukaacha la pili, hujafanya kitu. Akiitwa tena hatakuja kwa ajili ya zamu. Atakuja kwa ajili ya huyo anayempokea."

Saa nane Mektilda alimwacha Veronica nyumbani, akaingia ghalani na bakuli la michembe, vile viazi vikavu alivyovipenda marehemu. Akanyoosha mkono hewani. Ukagota begani.

"Nimepokea, wifi. Kula, ukapumzike. Hakuna atakayekuita tena."

Mnong'ono ukakoma. Miguu ikaburuzwa juu ya mbegu za pamba hadi nje, na harufu ya udongo ikaifuata. Jioni vidole vya Veronica vilipata joto, na Mektilda akalia kwa furaha.

Lakini kwa mchungaji hakwenda. Mchungaji alikuwa akimsifu kila ibada: katibu ambaye mnyororo wake haukukatika! Aibu ikamfunga kinywa. Kesho, akasema. Siku zilizobaki aliishika saa saba mwenyewe, akaona yamekwisha.

Jumapili, watu wakitoka kupiga kura, mchungaji aliwakusanya tena ghalani. Mnyororo, akatangaza, utaendelea mpaka matokeo. Akachomoa ile karatasi ndani ya Biblia. Mektilda akainuka, akaona nyuso zote zikimgeukia, akaketi tena.

"Saa saba mchana, Specioza."

"Nipo," likaitika benchi la nyuma lisilokuwa na mtu.

"Saa nane mchana, Veronica."

Veronica hakuitika. Alikuwa ameketi wima, macho yamefumbwa, na bega lake la kulia lilikuwa limebonyea kama lililoelemewa na kitu. Nyuma yake ule mnong'ono ukasema:

"Nimepokea."