Dhamira Iliyobandikwa Kwenye Kioo

Mtaa huu mzima hakuna anayeniweza kwa kusoma mambo ya mapenzi. Nimesoma barua za mabinti, meseji za wakwe, hata kimya cha waume za watu. Haya, nisiwadanganye: niliishia darasa la saba, na miwani ninayovaa ni ya marehemu mume wangu. Yeye alikuwa haoni mbali, mimi sioni karibu. Kwa hiyo siku mjukuu wangu aliponisukumia simu yake usoni, niliona ukungu tu.

"Nisomee wewe," nikamwambia. "Macho yangu yako likizo."

Mjukuu wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtaani wanamwita Cheche. Alikuwa bado na ovaroli yake ya kazini, imetobokatoboka kwa moto. Mpenzi wake wa miaka mitatu ni msusi. Mwenye saluni alikuwa ametoka semina, na mtu akitoka semina lazima arudi na adhabu ya wenzake. Safari hii kila msusi aliagizwa aandike dhamira ya maisha yake, aibandike juu ya kioo anachosukia, wateja waione. Cheche alipita kumchukua mpenzi wake, hakumkuta, akaikuta karatasi. Akaipiga picha, akakimbia nayo kwangu.

Akasoma: "Nitasuka kwa mkono mwepesi. Nitasema ukweli hata ukiniuma. Na mtu aliyenifungia mlango, sitamngoja tena anifungulie."

"Hapo mwisho rudia."

Akarudia. Haikusaidia.

"Bibi, ananiacha?"

"Mimi nitajuaje? Muulize mwenyewe."

"Nikimuuliza atanijibu," akasema, na uso wake ukanionyesha kwamba jibu ndilo analoliogopa.

Nikajaribu kumtuliza, nikasema huenda anamsema mwenye saluni anayechelewa na ufunguo asubuhi. Hakuridhika. Akaenda kwa kinyozi wa jirani, maana kinyozi yule anajua kila kitu isipokuwa kunyoa. Kinyozi akamwambia mwanamke akitaja mlango uliofungwa, ujue kuna mwingine umeshafunguliwa kwa mwanamume mwenzako. Mke wa kinyozi akadakia kwamba huo ni upuuzi, mwanamke akitaja mlango anataka nyumba. Wakaanza kugombana wao, hata mgonjwa mwenyewe wakamsahau.

Cheche akarudi amevurugika kuliko alivyoondoka. Akakaa kwenye ngazi za uani, akawa anachomoa nyuzi za ovaroli mojamoja. Kijana huyu nimemlea mimi, ananyamaza hata akiungua. Nilipomwona vile nikajua binti akiondoka, nitabaki na gofu la mtu. Na huyo binti mwenyewe nilikuwa simjui zaidi ya picha. Kila nikisema amlete, naambiwa wateja wamemzidi.

Nikamwambia aandike dhamira yake na yeye, amtumie. Maandishi hujibiwa kwa maandishi. Mwanzo akaandika kwamba atachomelea milango imara. Nikamwambia futa, hapa tunaukimbia mlango na wewe unauleta na bawaba zake. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akatuma: "Dhamira yangu ni wewe."

Tukakaa tukiitazama simu kama wali unaokaribia kuiva. Jibu likaja: "Mimi ni mtu, si dhamira."

"Hiyo ni ndiyo au hapana?" akaniuliza.

"Hiyo ni Kiswahili," nikasema. Zaidi ya hapo hata mimi nilikuwa gizani.

Kesho yake alasiri tukasikia hodi. Nikafungua, nikamkuta binti mrefu kama mlingoti, mkoba begani, na nywele zake mwenyewe hazijasukwa. Cheche alikuwa ndani anatengeneza kitasa cha dirisha. Akawa na rangi ya chuma kilichopoa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Akakaa kwenye kochi, nami nikakaa pembeni yake. Akalipapasa lile kochi, akamtazama Cheche, kisha akanigeukia.

"Bibi, usinikasirikie. Miaka miwili sasa unakataa niolewe na mjukuu wako. Nimechoka kungoja, nimekuja nikuulize mwenyewe. Nimekukosea nini?"

"Nani amekataa?"

"Wewe, bibi. Ulisema mimi ni mrefu mno, nguo zangu zitawafilisi."

Hilo la nguo nililipenda, laiti ningelisema mimi.

"Mwanangu, mimi nakungoja tangu nilipoonyeshwa picha yako. Kama miguu ingekuwa inanitii, ningekuja kukuposa mwenyewe."

Akawa hajui acheke au alie. Tukamgeukia Cheche wote wawili.

"Bibi siku hizi anasahau," akasema taratibu, akimwambia msusi.

"Huenda," nikasema. "Basi nikumbushe, mjukuu wangu. Nilisema lini, nikiwa wapi?"

"Ile siku nilipokuonyesha picha. Mwaka juzi." Akatazama huku na huku akitafuta pa kuniweka. "Ulikuwa umekaa hapohapo ulipokaa. Kwenye hilo kochi."

Msusi akainamisha kichwa, akalitazama kochi, akamtazama yeye.

"Kochi hili?"

"Ndiyo."

"Hili tulilichagua pamoja mwezi uliopita. Rangi nilichagua mimi. Ukaniambia ni la chumba chetu."

Bisibisi ikamponyoka.

"Nilitaka bibi akae pazuri kwanza," akasema. "Nikioa, yeye anabaki na nani?"

"Na hilo ukashindwa kuniambia, ukaona bora umsingizie?"

Akainama kuiokota bisibisi. Msusi akavuta mkoba wake. Nikadhani anainuka aondoke. Kumbe anausogeza ili nafasi ipatikane katikati yetu.

"Njoo ukae hapa," akamwambia. "Uanze upya, na bibi anasikia. Alisema mimi ni mrefu kama nini?"