Nilimtaja Mume Wangu Kwenye Sahani

Nina miaka ishirini na tisa na ninaishi peke yangu katika chumba kimoja hapa Nakuru. Mume ninaye, tena yu hai... lakini si wangu tena. Nilimpoteza kwa maneno machache ya wimbo!

Tulikaa Elburgon, kwenye kinu cha kupasua mbao. Kimani, mume wangu, alipasua mbao siku za kazi, na Jumapili alipiga akodioni. Alitunga mchezo wa kuimba wa kumcheka bwana Mzungu mwenye kinu. Humo bwana anampigia mbwa wake mluzi, mbwa anaendelea kulala, na nyapara ndiye anayekuja mbio huku akibweka! Tuliucheza kwa siri, mlango umefungwa, na watu wakacheka mpaka machozi. Zilikuwa siku za hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, na watu walipandishwa lori kwenda kizuizini kwa kosa dogo kuliko hilo.

Kisha akaja mtu wa kunasa nyimbo na gari lake kutoka Nakuru. Alipousikia mchezo akataka kuutia kwenye sahani ya gramafoni. Wakati huo, nyimbo za sahani ziliishia kwa mwimbaji kujitaja jina lake na kwao. Kimani alikubali, ila hilo alitukataza kabisa.

"Leo hakuna jina la mtu. Mmesikia?"

Tuliitika sote, hata mimi.

Basi kwa nini sikunyamaza? Wivu, ndugu zangu! Nyokabi, msichana wa jirani, aliimba sehemu ya memsahib, mke wa bwana. Yule mtu akamsifu sana, akamvuta mbele ya maikrofoni, bega kwa bega na Kimani. Kimani akamchekea! Mimi niliwekwa nyuma na waitikiaji, moyo ukinichemka...

Wimbo ulipofika mwisho niliwasukuma watu, nikaimba kwa nguvu zangu zote kwamba mtungaji ni Kimani wa Elburgon, na mke wake ni mimi, Wambui!

Mashine ikazimwa. Kimani akaweka akodioni chini. Alimwomba yule mtu turudie upya.

"Sahani zimeniishia, rafiki. Hiyo ilikuwa ya mwisho."

Kimani akamsihi aivunje. Yule mtu alicheka tu, akasema wimbo mtamu hivyo hauvunjwi, akapakia vyombo vyake akaenda zake.

Miezi miwili niliishi roho mkononi. Kila gari lilipopanda kilima nilikimbilia mlangoni kuchungulia. Kimani hakunigombeza, lakini aliacha kula vizuri.

Asubuhi moja kengele ya kazi ilipolia, tulikuta gramafoni mezani mbele ya ofisi. Bwana alikuwa ameketi, nyapara amesimama kando yake. Nani aliwaletea sahani hiyo? Sijui mpaka leo. Akodioni ikaanza... na safari hii hakuna aliyecheka! Kwenye kile kipande cha mbwa, nyapara alikaza macho kututazama mmoja mmoja.

"Nani naimba hii?" bwana akauliza.

Akauliza tena, tukatazama chini. Mwishowe alichoka, akanyoosha mkono kuondoa sindano. Mungu wangu, jinsi nilivyoomba aiondoe!

"Ngoja kidogo, bwana," nyapara akasema. "Mwishoni wao hutaja jina."

Tukangoja. Kimani alinitazama mara moja tu. Ndipo nikajisikia mwenyewe, sauti yangu ikitoka wazi, imejaa furaha!

Kimani alipandishwa lori asubuhi hiyo hiyo, akakaa kizuizini miaka mitatu. Mimi sikuguswa. Bwana alisema nimewasaidia! Hebu fikirieni aibu niliyoibeba mbele ya majirani.

Aliporudi nilimpikia, nikapiga magoti, nikalia. Hakunipiga wala kunitukana. Alikula, akanawa mikono, akaniambia taratibu:

"Wambui, nimekusamehe. Lakini kila ukiniita jina langu, mimi nasikia ile sahani."

Kesho yake alihamia kwa kaka yake, kule Njoro. Nilimfuata mara mbili... hakutoka nje.

Kina mama wenzangu, nawasihi! Wivu ukiwapanda ondokeni mahali hapo. Nendeni mkateke maji, mkapasue kuni, mkalie jikoni, lakini msifungue mdomo mpaka moyo upoe. Mimi nilitaka ulimwengu wote ujue kwamba Kimani ni wangu. Leo hata salamu zake naletewa na watu wengine.