Siku Yangu ya Posa Waliihamisha Kwenye Simu

Nina miaka thelathini na saba, sijaolewa, ni kitinda mimba wa watoto wanne, na ninaishi na mama yangu hapa Karatu. Niiteni Martina. Watakaonitambua wanitambue tu, nimenyamaza vya kutosha!

Mama alipooza upande wa kulia baada ya presha kupanda. Mdomo ukaenda upande, maneno yakamwisha, yakabaki machache tu ya kubahatisha. Kumgeuza kitandani, kumlisha uji, kumwogesha, kumpeleka mazoezi... vyote vikawa vyangu. Kwa nini mimi? Kwa sababu sikuwa na mume. Kwetu binti asiye na mume huhesabiwa kuwa hana shughuli.

Lakini kazi nilikuwa nayo! Niko mapokezi kwenye loji moja ndogo, na pale tunapanga wageni, zamu zetu na magari ya kwenda kreta ya Ngorongoro kwenye kalenda moja ya mtandaoni. Kila mtu anaiona kwenye simu yake. Mwenye ruhusa akiongeza tukio au akilibadilisha, simu za wote zinalia. Nikajiuliza, mbona hii inatufaa na sisi? Nikatengeneza ya familia, nikaiita "Mama", nikawaalika dada yangu mkubwa Fabiola aliyeko Arusha na kaka zangu wawili walioko Babati na Dodoma. Wote nikawapa ruhusa ya kuongeza na kubadilisha. Ndugu wa tumbo moja utawanyima nini?

Mwanzoni ilipendeza, jamani! Kaka anaweka Pasaka yake, Dada anaweka wikiendi zake za kuja kumuuguza Mama. Ila siku ikikaribia, tukio linahama. Linasogea wiki ijayo, halafu mwezi ujao, halafu halionekani tena. Kwenye kalenda Mama alikuwa na wauguzi wanne. Kitandani alikuwa na mimi.

Ndipo nikakutana na Amsi. Yeye ni mpishi wa safari, anafuatana na wageni hadi kambi za Ndutu, huko ambako mtandao ni wa kubahatisha. Kwao ni Mang'ola, wanalima vitunguu. Siku ya kwanza alipokuja nyumbani aliingia jikoni mwenyewe, akapika supu, Mama akamaliza bakuli zima. Nililia kwa furaha siku ile. Akaniambia, "Nikikuoa, Mama tunakwenda naye. Chumba kipo."

Mwanaume gani mwingine angesema hivyo?

Baba yetu alishafariki, hivyo Dada Fabiola ndiye aliyeongea na mshenga, baba mdogo wa Amsi. Mambo ya posa ni ya wakubwa. Binti anayeposwa hawezi kuwapigia wazee simu kuulizia siku yake mwenyewe, ataonekana hana adabu! Mimi nilichofanya ni kuiweka ile Jumamosi kwenye kalenda ili ndugu zangu wajipange: "Wageni wa posa, saa nne asubuhi." Wote walinipongeza.

Siku chache kabla, nikiwa mapokezi, simu ikalia. Wageni wa posa wamehamishiwa Jumamosi inayofuata! Na mahali pao pamewekwa tukio jipya: "Mama, daktari Arusha."

Nikampigia Dada mara moja.

"Mdogo wangu, wazee wa Mang'ola wamefiwa," akasema kwa sauti ya huzuni kabisa. "Wameomba tuwasogezee wiki moja. Basi nikaona hiyo nafasi tumpeleke Mama kwa daktari."

Nani anahoji msiba? Nikamwandikia Amsi ujumbe wa pole. Alikuwa Ndutu, ujumbe ukabaki na tiki moja. Nikamwachia Mungu.

Jumamosi nikakodi gari, nikafunga geti kwa kufuli, nikampeleka Mama Arusha. Kufika, Dada anasema daktari amepata dharura, hatatuona. Basi tukabaki kwake. Alinipikia pilau! Alikuwa anacheka, ananiongezea nyama. Mama hakula. Alinivuta kitenge kwa mkono wake mzima, akawa anasema, "Wageni... wageni..."

Nikamwambia, "Wiki ijayo, aayo," kama tunavyomwita mama kwa kilugha chetu. Dada akamwekea kijiko mdomoni.

Na saa ileile wazee wa watu walikuwa wamesimama nje ya geti letu! Walikuja na makoti yao, shuka mabegani na kopo la asali mkononi. Jirani yangu aliwatolea viti wakakataa, kwa sababu mgeni wa posa hasubirii kwa jirani. Mtaa mzima ukatoka kuangalia. Mshenga akampigia Dada Fabiola, akajibiwa kwamba binti amebadili mawazo na ameondoka na mama yake, tunaomba radhi sana. Wakageuza na asali yao.

Mimi sikujua lolote; mtaa ulidhani nimewakimbia wageni kwa makusudi, hakuna aliyenigusia. Nilirudi Karatu nikaanza kufua mapazia ya kupokelea wageni.

Siku mbili baadaye Amsi akapata mtandao. Sauti yake sitaisahau.

"Martina, umenipa pole ya nini? Nani amekufa kwetu?"

Nikakaa chini palepale mapokezi, wageni wananiangalia.

Nikawapigia ndugu zangu wote kwa pamoja. Nilidhani Dada atakana... Hakukana!

"Ukiolewa, Mama atabaki na nani?" akaniuliza.

"Amsi alisema tunakwenda naye! Nilikuambia!"

"Mama yetu akafie kwa mkwe wakati ana watoto wa kiume? Watu watatuonaje? Siku moja utanishukuru."

Nikawauliza kaka zangu, ninyi simu zenu hazikulia? Hamkuona siku yangu inahamishwa? Yule wa Babati akakohoa, akasema, "Ililia. Tukajua Dada ana sababu zake."

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Dada alinidanganya, sawa. Lakini wote waliona, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza!

Amsi alikwenda kuwapigia magoti wazee wake. Wakamjibu kuwa mlango uliofungwa mbele ya mtaa mzima hawatarudi kuubisha. Akaja kwangu akasema tuondoke tu, tutasuluhisha huko mbele. Moyo ulitaka. Lakini nikimchukua Mama, ndugu zangu wangesema nimemwiba. Nikimwacha, nani angemgeuza jioni ile? Nikamwomba anipe muda. Muda wenyewe wazee wake waliutumia vizuri kuliko mimi. Amsi sasa ana mke, binti wa hukohuko Mang'ola, na simlaumu.

Mwaka huu simu ikalia tena. Dada Fabiola ameongeza tukio kwenye kalenda ileile: "Posa ya Neema." Neema ni binti yake wa kwanza. Chini ameandika, "Martina atasaidia kupika."

Ruhusa ya kubadilisha ninayo, mimi ndiye niliyeitengeneza! Nilishafungua tukio, neno "Futa" liko chini ya kidole changu, na nawaambieni ukweli, nilitamani. Nilitamani Dada naye asimame aone wageni wakigeuza.

Lakini Neema amenikosea nini? Nikatoa kidole. Siku ilipofika nikamkodishia Mama gari, tukaenda, nikapika. Wazee walipokuwa sebuleni nilimwita Neema jikoni nikamweleza yote, mama yake akiwa amesimama mlangoni anasikia. Dada alitaka kunikatisha, nikaendelea kueleza. Neema alinikumbatia akalia hadi poda ikamtoka.

Kwenye kalenda ile nimejitoa. Mama bado namuuguza, kwa kuwa nampenda.

Dada zangu mnaosoma hapa, ninyi mnaobaki nyumbani na wazazi kwa sababu eti hamna shughuli, nawaomba. Siku ya furaha yako usimwachie ashike mtu ambaye wewe ukiolewa yeye ndiye atakayeamka alfajiri kupika uji. Hata kama mmenyonya ziwa moja. Kuwa mkosa adabu siku moja tu, wapigie wazee simu, uwaulize wenyewe: mnakuja lini?

Mimi niliona aibu kuuliza.