Mwambie Aanze na Sindano

Mume wangu Kitwana alikuwa akitengeneza vyerehani. Siyo kushona, kutengeneza. Ukimletea suruali ya kupunguza, alikuwa ananuna hadi adhuhuri.

Tulikuwa na fremu ya duka Kariakoo miaka ishirini na mbili. Yeye alifungua mashine. Mimi, Tatu, niliuza sindano, mikanda na bobini, na nikapiga debe pale mlangoni. Kwa kupiga debe, jamani, msinishindanishe na mtu. Mteja wa jirani alikuwa anageuka mwenyewe.

Kisha mwenye jengo akaamua kulivunja ajenge ghorofa. Tukahamishia kazi nyumbani kwetu Magomeni, chumba cha mbele. Mwezi huohuo Kitwana akaanza kuvimba miguu. Hospitali wakasema moyo wake umechoka. Akawa mtu wa kitandani. Mashine nilishajifunza kwake, ningeweza kuzifungua mimi huku yeye akinielekeza. Kila jioni aliniuliza swali moja, "Mama Husna, leo kuna aliyekuja?"

Hakuna aliyekuja. Wateja wa Kariakoo hawakujua tulipo. Kilichoniuma si njaa, maana Husna, binti yetu, ana kazi yake. Kilichoniuma ni kumwona mtu aliyefufua mashine za nusu ya mji akijiona amesahauliwa angali hai.

Husna akatufungulia tovuti, yaani ukurasa wa duka kwenye intaneti. Akaweka picha za vifaa, namba ya simu na ramani ya nyumbani. Baada ya wiki mbili tukaangalia wangapi wameingia. Wanne. Sisi watatu, na mimi tena kwa simu ya jirani.

Basi nikafanya nilichokijua. Anwani ya tovuti nikaitupa kwenye kila kundi la WhatsApp nililokuwemo, asubuhi na jioni: njoo, njoo, sindano, mikanda, bei poa. Siku moja nikaitupa kwenye kundi la msiba wa mume wa wifi yangu, katikati ya watu wanaomwombea marehemu. Sikuangalia. Wakanitoa kwenye kundi. Wifi hakuitikia salamu yangu mpaka arobaini ikapita. Aibu ile sijaimaliza hadi leo.

Aliyenifungua macho ni jirani yetu Scholastika. Yeye huandikia tovuti ya kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Alikuja kumjulia hali mgonjwa, nikamlalamikia. Hakunicheka.

"Mama Husna," akasema, "Kariakoo mtu anapita mlangoni, unamwita. Kwenye intaneti hapiti mtu. Kila mmoja amekaa kwake na shida yake, anaiuliza simu: cherehani yangu inakata uzi, nifanyeje? Wewe andika jibu."

Akanieleza taratibu. Tuandike makala fupi, moja kwa shida moja, kwa maneno yetu, bila kunakili ya mtu. Tumwombe mwenye tovuti ambayo mafundi wa kushona tayari wanaisoma, aichapishe. Chini kabisa tuweke jina la fundi na anwani ya tovuti yetu, basi. Aliyesaidika atafuata mwenyewe kumjua aliyemsaidia.

Nikabisha. Tukiwafundisha kutengeneza wenyewe, tutamuuzia nani? Akajibu kwamba anayeweza atahitaji vifaa, na anayeshindwa atamtafuta anayejua. Tena jibu lisiwe nusu. Msomaji akigundua umemficha kitu ili umuuzie, harudi.

Kitwana alikuwa anasikiliza. Akaniambia nilete daftari.

Tuliandika siku nane. Anasema maneno machache, anapumzika, mimi naandika na kumpangusa jasho.

"Mwambie aanze na sindano," alisema. "Aitoe, aitazame. Ikiwa imepinda au ni butu, aibadilishe kabla hajagusa skrubu. Watu wanailaumu mashine bure."

Kisha mtu ahakikishe sindano mpya imeingia sawasawa. Uzi ukiendelea kukatika, ndipo alegeze mkazo wa uzi wa juu, kidogokidogo. Mimi nilikuwa nimeanza na bei poa. Kitwana akanitazama tu, nikafuta.

Scholastika akanifundisha kuiandika makala ya kwanza kwenye simu, akampelekea mwenye tovuti ya mafundi wa kushona. Tukangoja. Tulimaliza makala tatu. Ya nne, ya mkanda wa cherehani ya miguu, ilifika katikati. Alhamisi jioni Kitwana akaniuliza swali lake. Nikamwambia bado, Baba Husna, labda kesho. Alfajiri ya Ijumaa hakuamka.

Sitaki kusema mengi hapo. Nililia mpaka sauti ikakauka. Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, mjane anakaa ndani, haendi sokoni. Nikasema kazi ya Kitwana imezikwa naye, maana sasa hata mlangoni nisingesimama kumwita mtu.

Siku ya kumi na moja ya eda, makala ya kwanza ikachapishwa. Siku ya kumi na tatu simu ikalia. Alikuwa mwanamume, nisiyemjua.

"Shikamoo mama. Naitwa Severine, nashona huku Masasi. Naomba kuongea na fundi Kitwana."

Kabla sijaitikia, akaendelea mwenyewe. Mashine yake ilikata uzi mwezi mzima, sare za shule zikalala. Alisoma makala, akaanza na sindano, akakuta imepinda. Sasa mashine inashona. Alifuata anwani iliyo chini, akaingia kwenye tovuti yetu, akapata namba. Alitaka sindano pakiti mbili na mkanda, tena alitaka kumshukuru fundi.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Fundi ametangulia mbele za haki. Lakini uliyoyasoma yametoka mdomoni mwake."

Akanipa pole, akasema mkanda bado anauhitaji.

Eda imekwisha sasa. Watu wanaingia kwenye tovuti kila siku, na wengine wanabeba mashine zao mpaka Magomeni, nazifungua mwenyewe. Makala ya nne niliimalizia mimi, nikaonyesha maneno yake yanapoishia na yangu yanapoanzia. Kupiga debe nimeacha.

Ila siku ile ya simu ya Severine, kabla sijafungasha ule mkanda wa kwenda Masasi, niliingia chumbani. Nikakaa pale nilipokuwa nakaa na daftari. Kitanda kilikuwa kimetandikwa.

"Baba Husna," nikamwambia, "leo kuna aliyekuja."