Ukweli Kabla ya Usingizi

Kila asubuhi Nabintu alifagia kiwanja chao katika mtaa wa Nyalukemba, akanywa uji, kisha akaenda shuleni kuimba na wenzake mbele ya bendera ya Zaire. Alikuwa darasa la sita, na mwalimu alikuwa amemchagua kuongoza ngoma za sikukuu ya shule.

Wiki hiyo tumbo lilianza kumuuma. Alitapika nyuma ya choo, akafukia kwa udongo, na uji wake akawamwagia kuku. Hata maji hayakukaa tumboni. Maman akijua, aliwaza, atanikataza kucheza.

Siku ya mazoezi alianguka uwanjani. Mama yake, Domitille, alimbeba mgongoni hadi hospitalini. Daktari mpasuaji alimbonyeza tumbo, akasema kidole tumbo kimeoza, lazima apasuliwe leo. Kisha akaja Mushagalusa, daktari wa dawa ya usingizi.

"Mutoto anakula na kunywa?" aliuliza.

"Anakunywa muzuri, docteur," Domitille alijibu. "Hata leo asubui alimaliza uji."

Nabintu akageukia ukutani. Mushagalusa alibonyeza ukucha wa mtoto, akatazama damu ikirudi polepole. Akainama. "Binti yangu, sikuje kukugombeza. Niambie."

"Uji nilimwagia kuku," alinong'ona. "Niko natapika tangu juzi. Hata maji sikunywa."

Mushagalusa akawasimamisha wauguzi waliotaka kusukuma kitanda kwenda kwenye upasuaji.

"Mutoto anateseka, na munangoja?" Domitille akauliza.

"Maman, tukimulalisha hivi, anaweza kufa."

Mpasuaji alikubali kungoja. Serumu, maji ya dripu, ikatiririka mshipani hadi mapigo yakapata nguvu, ndipo wakamwingiza chumba cha upasuaji. Hata hivyo, katikati ya upasuaji presha ilishuka. Wakaongeza serumu, nayo ikapanda tena taratibu.

Sikukuu ilipita, msichana mwingine akiongoza ngoma. Nabintu alilia kidogo. Mushagalusa alipopita wodini kumwona, Nabintu alimuuliza, "Papa docteur, ni kukosa maji tu ingeniua?"

"Dawa ya usingizi inalegeza mishipa," alimjibu. "Kama maji imepungua mu mwili, presha inaanguka, damu haifiki muzuri ku ubongo. Na mwili ya mutoto inajikaza: unaiona muzuri, kisha inaanguka mara moja. Ukucha ilinipa mashaka. Lakini ni wewe ulinipa ukweli."

Domitille alikuwa ameketi kitandani, mkono juu ya mguu wa binti yake.

"Na mimi nilijibu kitu sikuona," alisema. "Mwanangu, mwili ni wako. Muganga akiuliza, usimufiche, hata kama utakosa ngoma. Ngoma zitarudi."