Maji ya Nje ya Zamu

Siku hizi koki za Haidarabadi zinafunguliwa na mashine kutoka ofisini. Lakini zamani, na zamani hiyo ilikuwa tamu, maji ya mji mkongwe yalikuwa mikononi mwa watu kama Ghiyas. Alitembea na ufunguo wa chuma mrefu kama yeye mwenyewe. Mtaa aliofungulia ulijaza mitungi, mwingine ulingoja zamu yake.

Jioni moja ya Ramadhani, soko la bangili limefurika wanawake hata pa kutupa sindano hapana, Ghiyas alichomoza kichwa kutoka kwenye chemba ya koki katikati ya njia. Msichana mwenye mtandio wa kijani akamkwaa, na bangili zake mpya zikavunjika.

"Yaa Allah! Wewe mtu au panya buku?"

"Mtu wa maji, bibie. Bangili nitakulipa."

"Bangili huvunjika. Nitolee maji! Kwetu, uchochoro wa watia nguo zari, tumesahau hata yana ladha gani."

"Zamu yenu kesho, baada ya alfajiri."

"Yasipotoka, nakuja kukuzika humo humo shimoni."

Yakatoka. Msichana aliitwa Tahseen, muuguzi wa wodi ya wazazi kwenye hospitali ya serikali, na simu ya wodi ile haikupumzika tena. Ghiyas alipiga kutoka mkahawa wa chai, sikio moja kwenye simu, jingine limezibwa kwa kidole.

"Wodi ya wazazi, halo."

"Nina maradhi ya moyo, dada muuguzi."

"Moyo ni jengo la pili."

"Wangu uko hapo hapo ulipo wewe."

"Nenda kazini, mwongo mkubwa!" Lakini simu hakukata. Siku moja akamuuliza, "Binamu yako anakuita kazini Jeddah kila mwezi. Kwa nini huendi?"

Ghiyas akafikiri. "Nikizungusha ufunguo, kwanza kimya. Halafu nasikia ndoo zinagongana, kina mama wanaitana, 'Maji! Maji!' Jina langu halitajwi. Lakini siku hiyo nakula nikashiba."

"Mimi nangoja mtoto alie," Tahseen akasema. "Akilia tu, miguu inaacha kuuma." Ghiyas akajua kwamba hatapata mwingine.

Mapenzi yakamlevya. Siku dada yake Tahseen alipopakwa manjano ya harusi haikuwa zamu ya watia zari. Ilikuwa ya njia ya hospitali. Tangi la hospitali litatosha, Ghiyas akajiambia, na akafunga kule, akafungua huku. Alikaribishwa chai uani, mama wa nyumba anamwita mkwe, mitungi inafurika, naye amevimba kichwa.

Simu ya jirani ikalia. Tahseen aliyekwenda kuipokea akarudi mbio, nguo ya njano, manjano mashavuni.

"Wodini hakuna maji! Watatu wako kwenye uchungu!" Kisha akaiona mitungi, akasimama. "Leo si zamu yetu."

"Zawadi yangu kwako, mpenzi."

"Umemnyang'anya nani ukanipa mimi?"

Tahseen akajitwika mtungi akiwa na nguo yake ya sherehe. "Nilikupenda kwa sababu koki yako haikumjua mtu. Kumbe inanijua mimi. Kaifungue kule, kisha nisikuone!"

Ghiyas alikimbia, akaifungua. Watoto walizaliwa salama, mmoja akaogeshwa kwa maji ya mtungi wa harusi. Lakini kila alipopiga simu, ilikatwa. Ndoo ziliendelea kugongana mitaani, na Ghiyas alizisikia bila raha, kama mtu anayesikia sherehe ya nyumba aliyofukuzwa. Akamwandikia binamu kwamba anakuja.

Ikafika Idi ya kuchinja. Mama yake Tahseen akamfuata barabarani: nyama imejaa, maji hakuna, afungue kidogo tu, wayamalize yaliyopita. Ghiyas aliuona mlango wa kurudi kwa mpenzi wake uko wazi.

"Zamu yenu kesho, mama. Nisamehe."

Mama alimlaani mpaka babu wa saba. Mchana ule, simu ya mkahawa ikalia, ikamuulizia yeye.

"Umemnyima maji mama yangu siku ya Idi?" Ilikuwa sauti ya Tahseen.

"Nimemnyima."

"Hata na mimi kuoga sijaoga, nanuka mbuzi." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio. "Nasikia unahamia Jeddah. Usiende, Ghiyas. Watume wazee wako waje kwetu."

Siku ya nikaha, kadhi alingoja mpaka akasinzia. Bwana harusi aliingia amechelewa, shada la yasmini limemfunika uso, kanzu imelowa hadi magotini.

"Ulikuwa wapi?" bibi harusi akanong'ona nyuma ya shela.

"Zamu ya watengeneza bangili. Mwenzangu anaumwa."

"Na sisi leo?"

"Nyinyi kesho."

Wageni walinawa kwa maji ya kuazima. Tahseen ni marehemu sasa, Mungu amrehemu, na ufunguo umeegemea nyuma ya mlango, una kutu. Lakini alfajiri maji yakitoka, ndoo zikigongana uchochoroni, mzee Ghiyas huamka, hugeukia upande ule mtupu wa kitanda, na kusema, "Zamu yetu, mpenzi."